Walii Aliyegoma

Kijiji cha Sumberlanggeng kilinunua magari kabla hakijajua breki iko wapi. Mradi wa kiwanda cha mafuta ulipolipa watu mashamba yao, malori makubwa yalianza kuingia kutoka Surabaya yamebeba magari mapya mgongoni, manne, matano kwa safari moja, na watu ambao mwezi uliopita walikuwa wanaazimana baiskeli wakajipanga barabarani kuyapokea kama wanapokea mahujaji. Gari la kwanza liliingia bwawani. La pili liling'oa uzio wa msikiti. La tatu lilikaa uani wiki nane na nailoni zake kwenye viti, kuku wakalala juu ya boneti, kwa sababu mwenyewe alikuwa anaogopa hata kulipiga honi.

Ndipo akatafutwa Basuni.

Alikuwa ameendesha malori miaka kumi na tano, Java nzima anaijua kwa mashimo yake. Mkewe alipofariki aliacha safari, akapanga chumba nyuma ya duka la matairi, akaanza kufundisha watu kuendesha. Mtu wa miaka thelathini na minane, mkono wa kulia umeungua jua kuliko wa kushoto kwa kukaa dirishani, sauti yake ya chini. Hakuwahi kumkaripia mwanafunzi. Ukikosea gia alisema tu, "Haidhuru. Gari halina kinyongo."

Winarsih, ambaye kila mtu alimwita Narsih, alikuwa mwanafunzi wake wa kumi na saba, na ndiye pekee aliyefikisha miezi minne bila kumaliza mafunzo. Kijiji kilikuwa na maoni yake juu ya jambo hilo. Wengine walisema ni mzito wa kichwa, wengine walicheka tu wakanyamaza. Ukweli ni kwamba Narsih alijua kuendesha tangu mwezi wa pili. Leseni alikuwa nayo, ameificha kabatini chini ya khanga za mama yake. Alichokuwa hajamaliza ni ile saa moja na nusu, kila Jumatatu na Alhamisi, ambayo mwanamume yule alikaa pembeni yake akinukia sabuni na karafuu, na kumwita "Dada Narsih" kwa namna ambayo hakuna mtu mwingine aliyeweza.

Yeye naye alianza kwa kumwita "Mwalimu." Wiki ya kumi neno lilimponyoka, akamwita "Mas." Huko kwao mwanamke humwita hivyo mwanamume yeyote aliyemzidi umri, dereva, muuza mboga, yeyote. Lakini pia ndivyo mke anavyomwita mumewe, na Basuni aliposikia aliangalia nje ya dirisha muda mrefu, kisha akasema, "Punguza mwendo, kuna kona," na kona haikuwepo.

Mwezi wa nne alimwambia anataka kumwoa. Narsih alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Alhamisi ile asubuhi walikuwa wamesimama kando ya barabara mpya ya mradi, injini imezimwa, chupa ya maji ya dafu kati yao.  Basuni akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa bahasha.

"Nimekuletea kitu," alisema.

"Kama ni pete, Mas, ungeniambia mapema. Tazama kucha zangu zilivyo."

Hakucheka. Narsih akaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, na chini kabisa sahihi iliyokatiza juu ya stempu ya serikali.

*Mimi Basuni bin Sarpan natamka mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watu kwamba nikimwoa Winarsih binti Kasdi sitadai, sitatumia wala sitagusa mali yake yoyote, iwe nyumba, gari, mifugo au fedha, katika uhai wake wala baada yake.*

Alisoma mara mbili. Alihisi masikio yanapata moto.

"Nani kakuandikisha hii?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Mwandiko ni wako. Maneno ni ya Kaka Darmaji."

Basuni akasugua goti kwa kiganja. "Alikuja dukani juzi. Akaniita pembeni, kwa heshima tu, hakunitukana. Akasema kijiji kizima kinasema nafuata bilioni zako za mradi. Akasema kama nakupenda kweli, sitaona tabu kuandika. Na nikiandika, yeye kama walii wako hatakuwa na sababu ya kukataa kutuozesha. Nikaona anasema kweli."

"Ukaona anasema kweli!"

"Narsih, nisikilize. Mimi nina pikipiki na magodoro mawili. Ukinipikia samaki, watu watasema nimemla samaki wa mradi. Nikivaa shati jipya, watauliza limetoka wapi. Hii karatasi itawafunga midomo. Nitakuwa nimeingia kwako na mikono mitupu na nitatoka na..."

"Utatoka?" Narsih akamgeukia mzima mzima. "Unaona sasa? Hujaingia, ushaanza kupanga kutoka!"

"Sikumaanisha hivyo."

"Mimi niliachwa mara moja, Mas. Kwa simu. Nilikuwa sokoni nauza karanga, mikono ina chumvi, simu ikalia, Hartanto akaniambia maneno matatu na kukata. Najua talaka inavyofanana. Leo umeniletea nyingine, hata ndoa hatujafunga."

"Talaka ipi? Hii ni heshima!"

"Heshima kwa nani? Hebu nieleze tutakavyoishi. Nitakula chumbani, wewe utakula uani? Ukiugua, nikulipie hospitali au nitafute hii karatasi kwanza? Mvua ikinyesha utasimama wapi, Mas, maana paa ni langu?"

Basuni akafumba macho. "Unageuza maneno."

"Nayanyoosha! Nataka mwanamume wa kula wali wangu na kunilalamikia chumvi. Wa kulala kitanda changu na kuvuta shuka lote. Wa kuniambia 'nyumba yetu paa linavuja' na mimi nimwambie 'basi panda ulizibe.' Hujaniletea mwanamume huyo. Umeniletea mpangaji."

Akaichana ile karatasi. Vipande vikamwangukia Basuni mapajani. Stempu ilikuwa imegandama vizuri, ilibidi aichane kwa nguvu.

"Ulikuwa na haki ya kuichana," Basuni alisema, na sauti yake ikawa chini kuliko kawaida. "Lakini hujawahi kuwa mwanamume maskini, Narsih."

"Nimekuwa mwanamke maskini miaka thelathini na miwili. Unadhani ni rahisi zaidi?"

Alimtazama. Macho ya Basuni yalikuwa yamejaa kitu ambacho siku nyingine kingemfanya amshike mkono palepale, watu waone wasione. Mkono wake ulikuwa pale, juu ya gia, ambapo kila Jumatatu na Alhamisi uliongoza wa Narsih kutoka ya pili kwenda ya tatu taratibu kuliko ilivyohitajika. Siku hii hakuugusa.

"Wewe unaogopa maneno ya watu kuliko unavyonipenda," alisema. "Na kama ni hivyo, shuka."

"Narsih."

"Shuka kwenye gari langu. Usije ukaonekana umekalia kiti cha mradi."

Alikawia kidogo, labda akingoja aambiwe asishuke. Kisha akafungua mlango, akakusanya vile vipande vya karatasi kimoja kimoja ili asimwachie uchafu, akashuka. Narsih akawasha gari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuendesha bila mtu pembeni. Alipita gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, akalia njia nzima, na gari halikuzimika hata mara moja.

*

Uani kwake palikuwa na gari jingine.

Nyumba aliijenga mwaka jana, ya vigae vyeupe na veranda pana, akamhamishia mama yake humo. Kwenye veranda hiyo sasa alikaa kaka yake Darmaji, kwenye kiti cha katikati, kama yeye ndiye aliyelipa mafundi. Kulia kwake alikaa Hartanto, mume wa zamani wa Narsih, na mama yake Hartanto. Mezani palikuwa na sinia za vitu vya posa: wali wa kunata ulioungwa na sukari, ndizi mkungu mzima, kitambaa cha batiki kilichofungwa kama ua. Mama yake Narsih, Mama Rasmi, alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, hamtazami mtu.

Narsih aliegesha gari katikati ya miche ya pilipili, akashuka, akaufunga mlango kwa kishindo.

"Umekuja na nani?" Darmaji aliuliza, akichungulia nyuma yake.

"Peke yangu."

"Umeendesha peke yako?"

"Umeniona naburutwa na ng'ombe?"

Hartanto alisimama, akatabasamu lile tabasamu alilomposea zamani. Alikuwa ameongezeka mwili na amepaka nywele rangi. "Narsih. Umependeza. Kweli Mungu akikunjua mkono..."

"Umepotea njia, Hartanto? Nyumba ya mkeo ni kule Lamongan."

"Tumeachana. Nimekaa nikatafakari sana, Narsih. Nimekuja kurekebisha nilipokosea."

"Ulikosea wapi? Uliponioa au uliponiacha?"

Mama yake Hartanto akakohoa, akavuta ushungi. "Mwanangu, ya zamani tuyaache. Sote ni binadamu. Nami nilikuwa nakupenda kama binti yangu."

"Mama, ulisimama sokoni, mbele ya wauza tofu wote, ukasema mimi ni shamba lisiloota. Nilikuwa napima karanga za mteja. Nakumbuka hata mteja." Narsih akakaa kwenye ngazi ya veranda, akaanza kuvua viatu bila haraka. "Nashukuru umekuja leo kuniona. Shamba lisiloota limepata bei, siyo?"

"Narsih!" Darmaji akapiga meza, vikombe vikaruka. "Hawa ni wageni!"

"Wageni wa nani? Mimi sikuwaita. Kwenye veranda yangu naona mtu kaita wageni na kukaa kiti changu."

Darmaji akawageukia wageni, akajichekesha. "Hasira za safari. Hajazoea barabara." Kisha kwa dada yake, kwa sauti ya kubembeleza, ile aliyotumia tangu siku pesa zilipoingia: "Keti, dada yangu. Haya mambo tumeyazungumza kwa busara. Hartanto anakujua, unamjua. Tutaanzisha kampuni ya mabasi, mimi nitasimamia, yeye atatafuta abiria. Wewe utakaa tu nyumbani upumzike. Hela ya familia ibaki kwenye familia."

"Hela ya nani?"

"Ya shamba la baba."

Narsih alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. Shamba la baba! Mzee Kasdi alipogawa ardhi yake, Darmaji alichagua kwanza, akachukua mashamba matatu ya mpunga kando ya mfereji. Narsih alibakiwa na kile kipande cha juu, mawe matupu, ambacho hata mbuzi walikipita bila kusimama. Alikipiga jembe miaka tisa, akapata karanga ndogo ndogo za kuchemsha. Kisha wapimaji wa mradi wakaja na vigingi vyao, mstari wao ukapita juu ya mawe yote ya Narsih na kukomea hatua thelathini kutoka kwenye mpunga wa Darmaji.

"Kaka, siku ile ya kugawa uliniambia nini? Mama alikuwepo, na atanisahihisha nikikosea. Uliniambia nikafuge nge."

"Ulikuwa utani."

"Basi nge wangu wameuzwa. Hawana kampuni ya mabasi."

Hartanto akajaribu kusema neno. Narsih hakumpa nafasi. "Chukua sinia zako, Hartanto, wali wa kunata ukikaa unakauka. Nimeshakubali kuolewa na Basuni."

Mama yake Hartanto akasimama wa kwanza. Alikuwa mwanamke mwenye kujua kushindwa. Wakati mwanawe bado anatafuta viatu, yeye alikuwa amekwisha kubeba ndizi. Gari lao lilipotoka, Darmaji alishuka ngazi akasimama juu ya dada yake.

"Dereva," alisema. "Mtu aliyelala kwenye mabanda ya malori na kula kwa wauza kahawa. Huyo ndiye wa kukalia nyumba hii?"

"Leo amenipa karatasi uliyomtuma aandike. Ameapa hatagusa hata kijiko changu. Ulimwahidi kwamba akiandika hutakuwa na sababu ya kukataa. Haya, ameandika."

Darmaji hakuwa ametarajia hilo. Akapepesa macho. "Iko wapi?"

"Ameandika, kaka. Utatuozesha?"

"Hata akiandika mia. Dereva ni dereva."

"Nilijua." Na kweli alijua, lakini kulisikia kulimuuma kwa ajili ya Basuni, ambaye alikuwa amekaa usiku kucha akichonga herufi zile kubwa kubwa, akiamini ahadi ya mtu.

"Basi na hili ulijue," Darmaji alisema. "Baba amekufa, babu amekufa. Walii wako ni mimi. Nisipotoa mkono wangu hakuna ndoa. Utazeeka humu na vigae vyako."

"Darmaji," Mama Rasmi alisema kutoka mlangoni. "Usimpazie sauti mwenzio."

"Mama usiingilie!"

Yule mama akaliinamisha birika bila kuangalia, chai ikamwagika kwenye vigae. Narsih akainuka, akalipokea birika, akamwona mama yake midomo inamcheza. Akaliweka chini. Akamgeukia kaka yake, sasa wamesimama uso kwa uso.

"Walii akikataa bila sababu ya dini, kuna mahakama," alisema. "Hakimu humwuliza sababu zake. Asipokuwa nazo, hunipa walii mwingine. Nimeuliza, kaka. Nilianza kuuliza tangu siku ulipokuja na wazo la mabasi."

"Utanishtaki mimi? Kaka yako wa tumbo moja? Kijiji kitasemaje?"

"Kitasema. Kilisema nilipokuwa maskini, kilisema nilipotajirika. Kimewahi kuchoka hicho kijiji?"

"Ukienda mahakamani, mimi si kaka yako tena."

Narsih alimtazama kaka yake. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka mfereji wakati wa mafuriko, Narsih akiwa na miaka mitano. Alitafuta usoni mwake yule kijana, na kwa muda mfupi alidhani amemwona. Kisha Darmaji akatazama gari jeupe lililolalia pilipili, akatazama veranda, na yule kijana akapotea.

"Utakuwa kaka yangu hata usipotaka," Narsih alisema. "Lakini Jumatatu naenda."

*

Alikwenda Jumatatu, peke yake, akijiendesha. Akajaza fomu. Karani akamwambia tarehe ya kusikilizwa, na kwamba siku hiyo mchumba naye lazima aje, hakimu amwone.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Basuni hakuwa ameonekana tangu ile Alhamisi. Mwenye duka la matairi alisema amekwenda kumsaidia rafiki yake kupeleka mzigo Banyuwangi. Narsih alimwandikia ujumbe mmoja tu kwa simu, siku, saa na mahali. Hakuongeza "tafadhali." Alitamani kuongeza, akaandika, akafuta. Wiki tatu simu ilikaa kimya, na kila usiku aliiweka uso chini juu ya meza ili asiitazame, kisha akaamka kuigeuza.

Siku ya kesi alivaa gauni la kijani na ushungi wa rangi ya maziwa. Mahakama ya dini ilikuwa na ukumbi mdogo wenye feni mbili. Darmaji alikuwa ameketi upande wa pili na shati la hariri, mikono kifuani. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mpole, asiye na haraka.

"Mchumba yuko wapi?" aliuliza.

"Anakuja, Mheshimiwa," Narsih alisema, na hakuwa na hakika hata kidogo.

Darmaji akatabasamu. Hakimu akamgeukia. "Wewe ndiye walii. Unakataa kumwozesha dada yako kwa sababu gani?"

"Hawalingani, Mheshimiwa."

"Kwa lipi? Anaswali?"

"Anaswali."

"Anakunywa? Anapiga watu? Ana mke anayemficha?"

"Hapana. Lakini hana kitu. Dada yangu ni tajiri. Huyo mtu anafuata mali, Mheshimiwa, na ndiyo maana leo hayupo. Amejua hataipata."

Mlango ukafunguliwa. Basuni aliingia amelowa jasho, shati la batiki kuukuu limepigwa pasi vizuri mbele na vibaya mgongoni, vumbi la njia kwenye suruali. Alimtazama Narsih mara moja tu. Narsih akaangalia feni ili asilie mbele za watu.

"Samahani, Mheshimiwa. Tairi limepasuka Gresik."

"Keti. Umefika wakati mzuri," hakimu alisema. "Walii anasema unataka mali ya mwanamke huyu. Unasemaje?"

Basuni hakukaa. Alishika kofia yake mbele yake kwa mikono miwili.

"Ni kweli, Mheshimiwa."

 Darmaji akashusha mikono.

"Nataka kula chakula chake," Basuni alisema, taratibu, kama anayempita ng'ombe barabarani. "Nataka kulala nyumba yake. Akichoka nitaendesha gari lake, likiharibika nitaingia chini yake. Na yeye atakula changu, kidogo kilichopo, na akinilalamikia kwamba ni kidogo atakuwa na haki. Mwezi uliopita niliandika kwamba sitaki hayo yote. Niliogopa watu. Aliichana ile karatasi mbele yangu na kunishusha kwenye gari, na nimekaa wiki tatu kwenye lori nikiona kwamba alinishusha kwa haki. Sasa sina karatasi. Watu waseme. Mimi namtaka huyu mwanamke na kila kilicho chake, hata hasira."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, na Narsih angeapa kwamba alikuwa anaficha uso. "Na wewe mama?" alimwuliza Narsih. "Umesikia anachokitaka?"

"Nimesikia, Mheshimiwa. Mwambie amechelewa, lakini achukue."

Watu wawili watatu wakacheka nyuma. Hakimu akamgeukia Darmaji tena. "Una sababu nyingine, ndugu? Ya dini?"

 Darmaji alimtazama dada yake, akamtazama yule dereva mwenye vumbi, akatikisa kichwa.

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata: walii amekataa pasipo sababu, na ofisa wa ndoa wa wilaya atasimama mahali pake.

Walifunga ndoa katika ofisi ya wilaya, chumba chenye meza ya kijani na kalenda ya mwaka uliopita. Mahari ilikuwa vazi la kusalia na jozi ya viatu bapa vya kuendeshea gari, kwa ombi la bibi harusi. Walikuwa karibu kuanza wakati pikipiki ya abiria iliposimama nje, na Mama Rasmi akashuka upande upande, amevaa sanduku zima: batiki yake ya harusi, pini ya dhahabu, miwani ya mtu mwingine. Darmaji alikuwa amemkataza. Aliingia bila kubisha, akavuta kiti, akakiweka karibu kabisa na cha Narsih, akaketi na kumshika mkono.

"Haya, endeleeni," alimwambia ofisa. "Alipozaliwa nilikuwepo. Na leo nipo."

Kupitia dirishani Narsih aliliona gari la kaka yake. Lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, kioo kimeshushwa, Darmaji ndani yake ameshika usukani. Alikuja, basi. Hakuweza kuingia na hakuweza kukaa nyumbani. Narsih alimkazia macho, akamngoja. Darmaji hakushuka.

Ofisa alikuwa mtu mwenye adabu, na swali lake aliliuliza kwa sauti ya chini, kama desturi ilivyo, ambapo bibi harusi huinamisha kichwa na ukimya wake huchukuliwa kuwa jibu. "Winarsih binti Kasdi. Umeridhia kuolewa na Basuni bin Sarpan?"

Narsih hakuinamisha kichwa.

"Nimeridhia!" alisema, kwa sauti iliyovuka meza, ikavuka dirisha, ikavuka barabara. Watu waliokuwa kwenye foleni ya vitambulisho huko nje wakaitikia amina bila kujua wanamwitikia nani. Basuni akaanza kucheka huku macho yamemlowa. Mama Rasmi akamfinya binti yake kiganja mpaka kikauma.

Ng'ambo ya barabara injini iliwaka, na gari likaondoka. Narsih hakugeuka kulitazama. Ofisa alikuwa amemsogezea kitabu, na yeye akaomba kalamu.